Suti ya George Wilson

Mtu amekuja kuifuata suti yake.

Mwenye nyumba hayupo, yupo mkewe. Mgeni anaeleza shida yake: ile suti nzuri aliyofungia ndoa George haikuwa ya George, alimwazima tu, na sasa anaitaka. Mke anabaki kinywa wazi. Kumbe ni yako? Ndiyo kwanza nasikia habari hiyo. Anaileta, anamkabidhi mwenyewe, kisha anajilaza na kulia alasiri nzima.

Kisa hiki kimo katika sura ya 2 ya The Great Gatsby, riwaya ya Mmarekani F. Scott Fitzgerald, na ni mistari michache tu. Myrtle Wilson, mke wa George, ndiye anayekisimulia, akiwa amelewa, kwenye nyumba ya New York aliyowekewa na Tom Buchanan, hawara yake tajiri. Anakitoa kama ushahidi kwamba wazimu pekee aliowahi kuufanya maishani ni kuolewa na George. Wageni wanaendelea na wiski yao, mazungumzo yanahamia kwingine, na suti haitajwi tena popote kitabuni.

Nilikuwa nakisoma upya pamoja na rafiki yangu, kila mmoja kwake, tukikutana kuzungumza kila tulipomaliza sura kadhaa. Yeye hapo alicheka. Alisema mwanamume anayeanza ndoa kwa nguo ya mtu ameianza kwa uongo, na Myrtle alikuwa na kila haki ya kulia. Sikumbishia. Lakini tulipofika kwenye habari za Louisville, mji ambako Gatsby, mhusika mkuu, alimpenda Daisy, sauti yake ilibadilika. Gatsby alimgusa. Jamani, alisema, kuna mtu aliyewahi kupenda namna ile?

Tangu siku hiyo jambo hili halijaniacha.

Kwa nini huyu tunamcheka na yule tunamlilia, ilhali wote wawili walifanya jambo lile lile?

## Sare

Oktoba 1917, Marekani imeshaingia vitani, na Louisville imejaa maofisa vijana kutoka Camp Taylor. Daisy Fay ana miaka 18 na simu ya nyumbani kwao inalia kutwa, maofisa wanaomba angalau saa moja ya jioni yake. Mmoja wa hao ni Luteni Jay Gatsby, mtoto wa wakulima hohehahe wa North Dakota, ambaye katika maisha ya kawaida asingevuka hata lango la nyumba ile.

Lakini vita vimewavalisha wote kitambaa kimoja.

Nick, msimulizi wa riwaya, anasema wazi kwamba sare ile ilikuwa joho lisiloonekana, na kwamba saa yoyote ingeweza kumvuka Gatsby mabegani. Anasema pia jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: Gatsby alimwachia Daisy aamini kwamba ni mtu wa tabaka lake, mwenye ukoo nyuma yake na uwezo wa kumtunza. Hakuwa na ukoo wa kumshika mkono, wala senti. Alimpata kwa hila, na Nick haoni aibu kulitamka hilo.

Sasa waweke wawili hawa bega kwa bega. Kila mmoja alisimama mbele ya mwanamke akiwa ndani ya nguo iliyosema kitu ambacho mfuko wake usingeweza kukisema. Kila mmoja alijua, na kila mmoja akanyamaza.

Nguo ya kuazima haistiri matako, ndivyo tulivyofundishwa. Ya Wilson haikumsitiri. Ya Gatsby ilimsitiri kwa miaka 5.

Nilijaribu kumtetea Gatsby hapa, na utetezi upo. Sare haikuwa ya kuazima kwa maana ya kawaida. Alikuwa ofisa kweli, alipigana kweli kule Argonne, akapandishwa cheo hadi kuwa meja. Hakumvulia mtu nguo. Lakini Wilson naye alikuwa bwana harusi kweli. Hakudanganya kwamba anaoa. Wote wawili walichokificha ni umaskini, na walichokiogopa ni macho ya mwanamke akiugundua.

Kuna jambo jingine kuhusu sare hiyo, na Fitzgerald amelificha mbali sana, sura ya mwisho, Gatsby akiwa ameshakufa. Nick anakwenda kumsihi Meyer Wolfsheim, mshirika wa Gatsby katika biashara za magendo, aje mazikoni. Wolfsheim anakataa, ila anaanza kukumbuka siku alipomwona kijana huyo kwa mara ya kwanza: meja aliyetoka jeshini, kifua kimejaa medali, amevaa sare kwa sababu hana uwezo wa kununua nguo za kiraia. Aliingia kwenye ukumbi wa mchezo wa puli, mtaa wa 43, kuomba kazi. Alikuwa hajala kwa siku mbili hivi. Wolfsheim akamchukua wakale, na kijana akala chakula cha zaidi ya dola 4 kwa nusu saa.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini.

Ni sare ile ile. Louisville ilimfanya aonekane mtu wa nyumba kubwa. New York, miaka michache baadaye, ilimtangaza kuwa hana shati la kubadilisha. Kitambaa hakikubadilika hata uzi. Kilichobadilika ni kwamba vita vimekwisha, wenzake wamerudi kwenye nguo za kwao, na yeye hana nguo za kwao za kurudia. Hilo ndilo tundu ambalo Wolfsheim na biashara zake waliingilia.

## Waliolia

Wanawake wawili wanalia kwa ajili ya nguo katika riwaya hii, na sikuwahi kusikia mtu akiwataja pamoja.

Wa kwanza ni Myrtle. Wa pili ni Daisy, sura ya 5, chumbani kwa Gatsby ambaye sasa ni tajiri. Kila mtu anaikumbuka picha hiyo. Gatsby anafungua makabati mawili makubwa, mashati yamepangwa kama matofali, na anaanza kuyarusha mezani moja moja: ya kitani, ya hariri, ya flana laini, yenye mistari na miraba, rangi ya marijani, ya tufaha bichi, ya zambarau iliyopauka, yenye herufi za jina lake zilizodariziwa kwa buluu. Ana mtu Uingereza anayemnunulia na kumletea kila msimu unapoanza. Rundo linakua. Ghafla Daisy anainamisha kichwa ndani ya mashati yale na kulia kwa kwikwi, akisema inamhuzunisha kwa sababu hajawahi kuona mashati mazuri kiasi hicho.

Kurasa nyingi zimeandikwa kuhusu machozi hayo. Wapo wanaosema ni mwanamke mwepesi anayelilia vitu. Wapo wanaosema analilia miaka iliyopotea. Mimi naona yote mawili yako sahihi na hayapingani. Usiku wa kuamkia harusi yake, Juni 1919, Daisy alilewa chakari, barua mkononi, akaagiza ule mkufu wa lulu wa dola 350,000 urudishwe kwa bwana harusi, yule yule Tom Buchanan, na aambiwe bibi harusi amebadili mawazo. Wakamtia kwenye maji ya baridi. Barua hakuiachia hata kwenye maji, hadi ilipoanza kusambaratika vipande vipande. Nusu saa baadaye amevishwa gauni, lulu ziko shingoni, na kesho yake ameolewa bila hata kutikisika.

Riwaya haituambii barua ilitoka kwa nani. Hakuna msomaji anayehitaji kuambiwa.

Kwa hiyo anapozika uso kwenye mashati, analilia nguo zilizochelewa kufika. Myrtle alililia nguo iliyoondoka. Ukiyatazama machozi yenyewe, sijui utayatofautishaje. Kila mmoja amegundua, mbele ya kitambaa, kwamba hesabu aliyoipiga kuhusu maisha yake haikutoka. Daisy tumemwandikia tafsiri. Myrtle tumemwita mwenye tamaa.

Na ni kweli ana tamaa. Anasimulia mwenyewe jinsi alivyomwona Tom kwenye treni, amevaa suti rasmi na viatu vya ngozi ya kung'aa, akashindwa kumwondolea macho. Akibadilisha gauni, anabadilika naye: anatembea kwa madaha, anawasema watumishi, anacheka kicheko kisicho chake. Nick anaandika hayo kwa karaha isiyofichika.

Lakini hebu tuisome orodha yake. Pale pale kwenye karamu anahesabu mambo atakayoyafanya kesho yake: akandwe mwili, akatengenezwe nywele, amnunulie mbwa ukosi, anunue kile kisahani cha majivu ya sigara chenye springi ya kubonyeza, na shada lenye utepe wa hariri nyeusi kwa ajili ya kaburi la mama yake, la aina itakayodumu majira yote ya joto.

Kaburi la mama yake.

Nick anaipitisha orodha hiyo kama ushahidi wa ushamba, na nilipokuwa kijana niliisoma hivyo hivyo. Siku hizi siwezi. Huyu ni mtu aliyeishi miaka 11 juu ya gereji ya mumewe, kwenye bonde ambako majivu yanatua juu ya kila kitu, na siku anapopata pesa ya mtu mwingine mkononi anachanganya mbwa, nywele na mama yake marehemu katika pumzi moja, kwa sababu havijawahi kuwekwa kwenye bajeti hata kimoja. Daisy hana haja ya orodha. Anachokitaka huwa kimeshafika kabla hajakikumbuka.

## Mwenye mali anagonga

Rafiki yangu alikuwa na jibu. Gatsby, alisema, alilipa deni lake. Alidanganya kwamba ana uwezo, kisha akaenda kuutafuta uwezo huo. Wilson alibaki na gereji yake.

Ni hoja nzito, na kwa muda niliikubali. Halafu nikafika sura ya 7.

Siku yenye joto kali kuliko zote, chumba cha kukodi katika hoteli ya Plaza, watu watano wanaovuja jasho. Tom amefanya uchunguzi wake. Njiani kuja mjini alikuwa ameshatoa hukumu: mtu aliyesoma Oxford hawezi kuvaa suti ya waridi. Sasa anamwambia Gatsby mbele ya Daisy kwamba haoni angewezaje kumkaribia mwanamke huyu, isipokuwa kama alikuwa anapeleka vyakula vya dukani kwa mlango wa nyuma. Kisha anafungua daftari zima. Gatsby na Wolfsheim walinunua maduka ya dawa ya vichochoroni, New York na Chicago, wakauza pombe kali mezani wakati sheria imeipiga marufuku. Na lipo jambo jingine kubwa zaidi, anasema, ambalo shahidi wake anaogopa kulitaja.

Mpaka dakika ile Daisy alikuwa njia panda. Alikuwa ameshatamka kwamba hakuwahi kumpenda Tom, kisha akarudi nyuma nusu, akasema aliwapenda wote wawili. Bado angeweza kwenda upande wowote. Baada ya maneno ya Tom, Gatsby anaanza kujieleza kwa haraka, anakana kila kitu, anajitetea hata kwa shutuma ambazo hazijatolewa, na kila neno linamsukuma Daisy ndani zaidi ya nafsi yake. Mwisho anachoomba ni kuondoka tu.

Nilisoma ukurasa huo, nikarudi sura ya 2, nikausoma tena.

Yule mtu aliyegonga mlango wa gereji ndiye huyu. Amekuja kudai nguo yake, na mwenye kuiazima safari hii yupo chumbani, anasimama akivuliwa huku mwanamke anatazama. Tom hana jazba hata kidogo anapomaliza. Anawaruhusu Daisy na Gatsby warudi pamoja kwenye gari la Gatsby, kwa sababu anajua hakuna kilichobaki cha kuogopa. Kilichokuwa chake kimerudi kwake.

Hapo utetezi wa deni lililolipwa ulinivunjikia mikononi. Gatsby alilipa, tena kwa pesa nyingi, na bado haikupokelewa. Miaka 5, jumba la kifahari, bustani iliyowashwa taa kila wikiendi, makabati ya mashati, vyote vimekataliwa kwa sentensi kadhaa za mtu ambaye hajawahi kufanya kazi inayotajwa kitabuni. Tom anaelewa jambo ambalo Gatsby hakulielewa hadi kufa: matajiri wa kurithi hawauliziani una kiasi gani. Wanauliza ulianza kuwa nazo lini.

Kinachofuata mnakijua. Gari la manjano la Gatsby, Daisy kwenye usukani, mwanamke anakimbia barabarani akidhani aliyemo ni Tom.

Kwamba aliyegongwa ni Myrtle, na aliyemgonga ni Daisy, nilikuwa nalichukulia kama mkasa wa kuunganisha ncha za hadithi. Sasa naona ni zaidi ya hapo. Mwanamke aliyedanganywa kwa suti anauawa na mwanamke aliyedanganywa kwa sare, katika saa ambayo uongo wa sare umetoka tu kufichuliwa. Hawajawahi kupeana hata salamu.

## Luteni wa Montgomery

Sipendi sana kusoma riwaya kwa kumchungulia mwandishi, lakini hapa nashindwa kujizuia.

Mwaka 1918 Fitzgerald mwenyewe alikuwa luteni, kambini karibu na Montgomery, Alabama. Alikuwa amevaa sare alipokutana na Zelda Sayre, binti wa jaji. Walichumbiana. Vita vikaisha kabla hajapelekwa ng'ambo, akavua sare, akawa kijana wa matangazo ya biashara New York mwenye mshahara mdogo. Mwaka 1919 Zelda akavunja uchumba. Riwaya yake ya kwanza ilitoka Machi 1920, ikauzwa vizuri, na Aprili mwaka huo huo wakafunga ndoa. The Great Gatsby, ya mwaka 1925, imetabarukiwa kwa Zelda.

Kwa hiyo huyu aliijua hofu ya joho kuvuka mabegani. Aliijua kutoka ndani, na nadhani ndiyo maana kurasa za Louisville zinawaka vile. Gatsby ni luteni aliyerudi na pesa akakuta amechelewa. Fitzgerald ni luteni aliyerudi na kitabu akakuta bado anasubiriwa.

Na Wilson? Wilson ni luteni ambaye kitabu chake hakikuchapishwa. Nadhani Fitzgerald alimwogopa mtu huyo. Alimweka karibu na barabara kuu, akampa mistari michache, akampaka majivu hadi nywele.

Jambo moja hunifurahisha katika historia ya riwaya hii. Iliuzwa kwa kusuasua mwandishi alipokuwa hai, na alipokufa mwaka 1940 ilikuwa kama imesahauliwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili nakala ndogo za mfukoni zipatazo 155,000 zilichapishwa kwa ajili ya wanajeshi wa Marekani, wagawiwe bure. Huwa nawafikiria wasomaji hao: vijana wa mashambani, wa viwandani, na wa vyuo vikubwa, wote ndani ya kitambaa kimoja, wanasoma kuhusu luteni ambaye sare ilimpa mwanamke na amani ikamnyang'anya. Baadhi yao walikuwa Gatsby. Wengi zaidi walikuwa wanarudi kwenye gereji.

## Wilson kama alivyo

Sitaki kumsafisha mtu huyu. Alipogundua kwamba mkewe ana mwanamume mwingine alimfungia chumbani juu ya gereji, akasema atakaa humo hadi watakapohama kwenda Magharibi. Hakumuuliza anataka nini. Na mwisho alichukua bastola akamuua Gatsby, mtu ambaye hakumkosea lolote, kisha akajiua. Ninayesikitika kwa ajili yake ni muuaji, na silisahau hilo.

Ila Nick naye anasimulia kuhusu mhalifu, na kwa mhalifu huyo alitafuta kila neno zuri lililomo katika lugha yake. Hilo ndilo lililonisumbua kwa wiki hizi zote. Tunamfuata Nick. Yeye ni mtoto wa familia yenye biashara ya jumla ya vifaa vya ujenzi, amesoma Yale, amepanga nyumba ya dola 80 kwa mwezi katikati ya majumba ya mamilionea, na ameingia biashara ya hati fungani kwa ruzuku ya baba yake. Si tajiri kwa kipimo cha jirani zake, lakini hakuna atakayekuja kumdai suti. Anaweza kumwona Gatsby kwa sababu Gatsby yuko jirani, na taa zimewashwa. Wilson anamwona kupitia dirisha la gari wakati wanajaza mafuta.

Uongo wa Gatsby ulipambwa kwa muziki na maua, tukauita ndoto. Uongo wa Wilson ulidumu siku moja, siku ambayo mtu yeyote angetaka apendeze, nasi tukauita ulaghai. Sidhani rafiki yangu alicheka kwa ubaya. Alicheka pale ambapo msimulizi alimpangia acheke.

Na bado Nick, bila kukusudia pengine, anaacha mlango wazi mara moja. Siku ile ya joto, Wilson na Tom wanagundua karibu kwa wakati mmoja kwamba wake zao wana wanaume wengine. Nick anawatazama wote wawili na kusema hakuna tofauti kati ya watu, si ya akili wala ya rangi, yenye kina kama ile iliyopo kati ya mgonjwa na mzima. Wilson amekuwa mgonjwa kwa mwili kabisa, hadi uso umegeuka kijani. Tom anakanyaga mafuta.

Halafu kuna usiku wa Michaelis.

Michaelis ni kijana Mgiriki mwenye mgahawa mdogo kando ya bonde la majivu. Myrtle amelazwa ndani, amekufa. Wilson anayumba huku na huku, anamwita Mungu wake. Majirani wanakuja, wanaondoka, Michaelis anabaki mpaka kupambazuke. Hana la kusema, kwa hiyo anauliza maswali ya kumtuliza mtu. Mmekaa katika ndoa muda gani, George? Miaka 12. Mliwahi kupata mtoto? Anauliza kama ana kanisa analosali, na asipojibiwa vizuri anasukuma tena: lazima uliwahi kwenda kanisani, si mlifunga ndoa kanisani?

Hiyo ilikuwa zamani, anajibu Wilson.

Basi. Katika riwaya nzima, hapo ndipo George Wilson anapoigusa siku ya harusi yake. Habari za siku hiyo tumezipata kutoka kwa mkewe aliyelewa, mbele ya mwanamume aliyemchukua. Yeye hajawahi kuulizwa kwa nini aliazima suti, nani alimpa, na kama alikusudia kumweleza mkewe siku mambo yatakapokaa sawa. Huenda alikusudia. Huenda aliona si kitu. Michaelis peke yake ndiye aliyekaribia kumuuliza, na alikuwa hajui kuna cha kuuliza.

## Kiapo cha Catherine

Mazishi ya Gatsby yana sura nzima. Tunajua nani alipigiwa simu, nani alitoa udhuru, baba yake alisafiri kutoka Minnesota akiwa amejifunika koti refu la bei nafuu ingawa ni Septemba yenye joto, na yule mgeni wa karamu aliyekuwa akiishi nyumbani kwake alipiga simu kuulizia viatu vyake vya tenisi. Nick ana hasira na wasiokuja, na mimi pia nina hasira nao.

Myrtle na George Wilson hawana mazishi kitabuni. Nick anatuambia tu kwamba Wilson alipunguzwa akawa mtu aliyerukwa na akili kwa majonzi, ili kesi ibaki nyepesi, na ikaishia hapo.

Lakini kabla haijaishia hapo kulikuwa na uchunguzi wa vifo, na aliitwa Catherine, dada yake Myrtle. Huyu alikuwepo kwenye karamu ya sura ya 2. Alijua kila kitu kuhusu Tom. Ndiye aliyemnong'oneza Nick kwamba Tom na Myrtle, kila mmoja hamvumilii aliyefunga naye ndoa. Alipopanda mbele ya mchunguzi, akamtazama machoni, akaapa kwamba dada yake hakuwahi kumwona Gatsby, kwamba alikuwa na furaha kamili na mumewe, na kwamba hakuwa na upuuzi wowote wa pembeni. Alijiaminisha hadi akalia kwenye leso.

Nick anasema Catherine alionyesha uimara wa tabia ambao hakuutarajia. Sioni mahali pengine anapomsifu mtu wa upande ule wa bonde.

Rafiki yangu anasema ule ulikuwa uongo mwingine, mkubwa kuliko wa suti, na umemkinga Tom. Ni kweli, umemkinga. Kama Catherine angesema anachokijua, angalau jina moja la kitajiri lingeandikwa mahali panapostahili. Nimelifikiria hilo sana na bado nipo upande wake. Magazeti yalikuwa yanasubiri mke mzinzi na mume mjinga, wageuzwe burudani. Catherine aliwanyima, na akawapa dada yake na shemeji yake ndoa iliyotulia, kwa kiapo, mbele ya serikali. Hakuna aliyekuja kuwadai.